Maswali kwa Mama Fundi: Gauni la Zamani Husomwa kwa Ndani

Miezi ya karibuni barua za wasomaji wa safu hii zimekuwa zikigusa jambo moja kwa maneno tofauti, nalo ni mishono ya zamani. Wapo waliokuta picha kwenye sanduku la bibi, wapo wanaoletewa na wateja picha za kwenye simu, na yupo aliyerithi gauni lenyewe. Nimechagua barua tano. Mbili nimezijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo makosa ambayo nimeyaona kwenye meza za mafundi wengi, wazuri kabisa.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni fundi cherehani, nina mwaka wa tatu tangu nimalize mafunzo. Nina picha ya bibi yangu aliyopigwa studio mwanzoni mwa miaka ya 1960, amevaa gauni lililobana kiunoni na kumwagika chini. Nimejaribu kulishona mara mbili kwa kitenge, na mara zote mbili limetoka kama sare ya shule. Paterni sina. Je, naweza kulipata gauni lile kutokana na picha tu? (Fundi wa Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na mkono wako hauna kasoro. Kilichokosekana ni jicho kutulia juu ya picha kabla ya kushika mkasi. Tukiona kiuno chembamba na sketi pana tunadhani tumekwisha kuliona gauni, ilhali tumeona kivuli chake tu. Chukua kioo cha kukuzia, uisome picha hiyo kuanzia begani kushuka chini, na kila unachokiona ukiandike kwenye daftari.

Begani, tazama mshono wa mkono umekaa juu ya mfupa wa bega au umeteremka kuelekea mkononi. Kifuani, hesabu dati, yaani ile mikunjo iliyoshonwa yenye ncha kali inayotoka kiunoni kupanda kifuani, au inayoingia kutoka ubavuni. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo umbo lote la kifua na kiuno lazima litoke kwenye dati na mishono. Fundi anayeziacha dati ili kuokoa muda huishia kulifunga gauni kwa mkanda, na hapo ndipo sare ya shule inapozaliwa. Halafu kuna kiuno chenyewe. Sare hushonwa mshono wake wa kiuno ukiwa umeshuka kidogo ili mtoto akue nayo, nasi mafundi tumeizoea nafasi hiyo kiasi kwamba mkono huenda wenyewe. Mfunge mteja wako uzi kiunoni, umwambie ainame upande mmoja: pale mwili unapojikunja ndipo kiuno kilipo, na mshono wa gauni la bibi yako upo papo hapo, si sentimita tatu chini yake. Nafasi ya kupumulia nayo uipunguze. Sare huachiwa sentimita kumi na zaidi kifuani. Gauni la namna hii hutosheka na tano kifuani na mbili au tatu kiunoni.

Sasa njoo kwenye sketi. Kama kitambaa kimelala laini kiunoni kisha kikafanya mawimbi kadiri kinavyoshuka, hiyo ni sketi ya mwamvuli iliyokatwa kwa mviringo. Kama kimejikusanya kiunoni, ni marinda. Hizi ni sketi mbili tofauti kabisa, na kwenye picha ndogo huchanganywa kwa urahisi. Tuseme ni mwamvuli kamili, kiuno sentimita 72 na urefu wa sketi sentimita 65. Gawa 72 kwa 6.28 upate takribani 11.5; hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la kiuno, na mkasi upite sentimita moja na nusu ndani ya mstari huo ili upate nafasi ya mshono. Jumlisha 11.5, urefu wa 65 na upindo wa sentimita 2, upate 78.5. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 au karibu na hapo hakiwezi kutoa duara zima, lakini kitatoa nusu mbili, kila moja ikila sentimita 157 za urefu pamoja na nafasi ya mishono ya ubavuni. Zote mbili zitachukua kama mita 3.2, na ukiwa na kitenge cha yadi sita, yaani mita tano na nusu, utabakiwa na kitambaa cha kutosha sehemu ya juu na mikono. Mteja mwenye kitambaa kichache mpe mwamvuli nusu: gawa 72 kwa 3.14 upate 23, na sketi nzima itatoka kwenye mita 1.8.

Kuna mambo mawili kuhusu kitenge hapa. Ukikikata kwa mviringo, michoro yake italala kifudifudi mbele na kusimama ubavuni tu, kwa hiyo chagua chenye madoa au maua yasiyo na kichwa wala miguu, na mashua au ndege waachie sketi iliyonyooka. La pili, sehemu za mviringo zinazopita mshazari wa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa, huvutika zenyewe kwa uzito. Litundike gauni siku mbili kabla ya kukata upindo, ama sivyo litashuka pembeni baada ya mteja kulivaa mara ya kwanza.

Nimeliacha mwisho lile ambalo nadhani ndilo lililokuangusha. Umbo la gauni la bibi yako lina tarehe yake. Tarehe 12 Februari 1947, mjini Paris, Christian Dior alionyesha mkusanyiko wake wa kwanza, na Carmel Snow, mhariri wa jarida la Harper's Bazaar, akauita mwonekano mpya. Jina hilo likabaki. Ulaya ilikuwa imetoka vitani. Uingereza ilianza kugawa nguo kwa vibali Juni 1941 na haikuacha hadi Machi 1949, na kwa miaka hiyo sketi zilikuwa nyembamba na fupi kwa sababu kitambaa hakikuwapo. Mtu aliyemwaga mita nyingi za kitambaa chini ya kiuno kilichobanwa alikuwa anasema kwa mkasi kwamba dhiki imekwisha, na umbo hilo likasafiri hadi kwenye studio za picha za miji yetu kwa miaka kumi na zaidi iliyofuata. Lakini magauni yale hayakusimama kwa kitambaa cha juu pekee. Ndani mlikuwa na bitana, mifupa ya kubana kiwiliwili, sponji nyongani na vitambaa vya wavu chini ya sketi. Bibi yako hakuhitaji yote hayo, ila bila shaka alikuwa na gagulo, yaani sketi ya ndani. Mshonee gagulo mteja wako: pamba nyeupe ngumu kidogo, na kwenye theluthi ya chini ongeza kipande cha marinda chenye upana mara mbili wa kipande cha juu yake. Livike kwanza, ndipo uweke gauni lako la pili juu yake, na ulitazame tena kabla ya kulilaumu.

Mama, shikamoo. Natamani rinda la mtindo wa miaka ya 1950, la leso. Niliyempelekea alikata sketi ya mviringo: pindo likapotea, na jina likakatwa katikati, limebaki nusu neno begani na nusu jingine kiunoni. Je, leso haifai kwa mitindo hiyo? (Msomaji wa Mombasa)

Marahaba, mama. Leso inafaa, na imenisikitisha kwamba ilikatwa hivyo, maana leso si kitambaa cha dukani tu kilichopigwa maua. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina juu ya pindo la chini. Mtu akiichagua huwa amechagua maneno kwanza, rangi baadaye. Wewe uko katika mji ambao familia ya Kaderdina Hajee Essak ilianza biashara yake ya leso mwaka 1887, zile zenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, kwa hiyo sina haja ya kukueleza uzito wa jina. Fundi anayeipokea leso anapaswa kuusoma ujumbe huo kabla ya kupima kiuno.

Leso imechapwa mstatili na inataka kubaki imenyooka. Achana na mwamvuli, ushike sketi ya marinda, ambayo miaka ile ya 1950 ilivaliwa sawasawa na mwamvuli na haina dosari yoyote ya kimtindo. Doti moja inakupa leso mbili, kila moja ikiwa na upana wa kama mita moja na nusu na urefu wa sentimita 110 hivi. Moja iwe mbele, nyingine nyuma, uziunganishe ubavuni, na upindo wa sketi uwe ni pindo lenyewe la leso, bila kukunja zaidi ya nusu sentimita. Jina litatembea nawe chini ya magoti, mbele na nyuma. Kwa urefu wa sentimita 75, punguza upande wa juu tu. Ukanda utakaotoka huko una pindo la juu, nao utakupa mikono mifupi yenye pindo mwishoni au ukosi mpana. Mapindo ya ubavuni usiyakate. Yakikutana kwenye mshono hutengeneza mstari unaoshuka kutoka nyonga hadi chini, na mstari huo humrefusha mvaaji vizuri kuliko mshono wowote ambao fundi angebuni.

Mita tatu za kitambaa kukusanywa kwenye kiuno cha sentimita 72 ni nyingi, lakini leso ni pamba nyepesi na itakubali, mradi marinda yavutwe kwa nyuzi mbili zinazokwenda sambamba, siyo moja. Loweka leso usiku kucha kabla ya kukata, itoke wanga na ijikunje yote inayotaka kujikunja. Kiwiliwili nakushauri kiwe cha kitambaa kitupu cha rangi mojawapo iliyomo kwenye pindo. Kisutu, kwa mfano, chenye wekundu, weusi na weupe wake, hupendeza sana kikishikwa juu na pamba nyeusi isiyo na ua lolote, yenye dati nne na mikono iliyokatwa juu ya kiwiko.

Ukitaka picha za kukuongoza, usianzie Paris. Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imehifadhi picha za miongo mingi za watu wa visiwa wakiwa wamevaa walivyovaa kweli, na nyumba nyingi za Mji wa Kale kwenu zina albamu za namna hiyo ambazo hazijafunguliwa siku nyingi. Omba kuzitazama. Angalia hasa namna wanawake walivyochanganya gauni lililokatwa kizungu na leso ya kujitanda, kwa sababu huko kuna mafunzo ya rangi ambayo vitabu vya mitindo vya ng'ambo havinayo.

Mama Fundi, nilinunua Gikomba pakiti ya zamani ya paterni kutoka Marekani, ya gauni la mwanzoni mwa miaka ya 1950. Imeandikwa 14, nami kwa paterni za siku hizi ni 14. Nimeshona, halifungi hata mgongoni. Kosa ni langu? (Msomaji wa Nairobi)

Si kosa lako, namba imehama. Paterni ya Marekani ya namba 14 mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ya kifua cha inchi 32. Baadaye katika mwongo huohuo 14 ikawa inchi 34, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ikawa 36, ambayo ndiyo unayoijua. Nyuma ya pakiti kuna jedwali la inchi: lisome hilo, na namba iliyo mbele uisahau.

Tofauti yako ni inchi nne, yaani sentimita kumi, na usiiongeze yote ubavuni, kwa kuwa shimo la kwapa litapanuka na mkono hautaingia. Igawe kwa robo nne za kiwiliwili, kila robo ipate sentimita 2.5. Kwenye kila robo chora mstari wima kutoka katikati ya bega hadi kiunoni, kata karatasi, ifungue sentimita moja, kisha moja na nusu iliyobaki iweke ubavuni. Mkono wa gauni uongezwe kwa kiasi kilekile kilichoongezeka kwapani. Na kama karatasi zako hazina maandishi yoyote bali matundu madogo na makubwa, usidhani zimeliwa na wadudu: matundu hayo yalitobolewa kiwandani yaonyeshe dati, mtande na mahali pa kukunja, na maelezo yake yako kwenye karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya pakiti. Ukija kupata magazeti ya Burda, ambayo yamekuwa yakitoa paterni tangu 1952, kumbuka kwamba michoro yake haina nafasi ya mshono, utaiongeza mwenyewe.

Shikamoo Mama. Tunaandaa sendofu ya mdogo wetu na tumekubaliana mavazi ya miaka ya 1970. Wanawake ni ishirini, wembamba na wanene, wawili ni wajawazito, na kadhaa hujisitiri kwa hijabu. Tunataka mshono mmoja kwa wote. Wengine wanataka vimini. (Kamati, Dar es Salaam)

Marahaba, wanangu. Vimini ni vya miaka ya 1960 zaidi, na hapa kwetu vina kumbukumbu yake: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya mini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Bibi watakaokaa meza ya mbele walikuwa wasichana siku hizo. Mimi ningechagua maksi, na katika maksi ningechagua gauni la kufunga ubavuni ambalo Diane von Furstenberg alilitoa New York mwaka 1974. Halina zipu, halina vifungo mgongoni. Upande mmoja wa mbele hupita juu ya mwingine na kufungwa kwa mkanda, hivyo mnene na mwembamba hulivaa kwa paterni zinazokaribiana, na mjamzito hulegeza mkanda tu.

Tahadhari ni moja. Gauni lile lilikuwa la kitambaa kinachovutika, nanyi mtashona kitenge, kwa hiyo kila upande wa mbele ukatwe mpana kiasi cha kufika hadi mshono wa ubavu wa upande wa pili. Mkiubana ili kuokoa kitambaa, gauni litafunguka mvaaji akiketi, na hilo ni fedheha mbele ya wakwe. Kwa wanaojisitiri, miaka ya 1970 imewarahisishia kazi, kwa kuwa mikono mirefu inayopanuka kama kengele ilikuwa ndiyo mitindo yenyewe. Ongezeni kipande cha ndani kinachofunika kifua hadi shingoni, cha kitambaa hichohicho, na sare haitatofautiana. Tafuteni kitenge chenye maua makubwa ya rangi ya machungwa, kahawia na kijani, rangi zinazoendana na enzi hiyo, ambayo kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China kilikuwa kikiwavika watu wengi wa mji huu. Wanaume waachieni suruali zao za pekosi na viatu vyao vya raizoni.

Mama Fundi, marehemu mama yangu ameniachia gauni lake la krepi, naamini ni la miaka ya 1950. Haliniingii. Nataka kulifumua lote ili vipande viwe paterni, kisha nishone jipya la kipimo changu. Nianzie mshono upi? (Msomaji wa Tanga)

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Nakuomba usianzie mshono wowote.

Nilipokuwa kijana nililipata kwenye marobota ya mitumba gauni la namna hiyo, jeusi, na nikafanya hivyohivyo unavyotaka kufanya. Nilichokata kilikuwa uzi tu, lakini krepi ilikuwa imechakaa kwenye mstari wa sindano, na kila mshono nilioufungua ulichanika pembeni kama karatasi iliyolowa. Vipande vilipokuwa mezani vilikuwa vimevutika, havilingani kushoto na kulia, na mpaka leo sijui mkono wake ulikuwa umeingizwaje begani bila kukunjamana hata kidogo. Ujuzi huo ulikuwa kwenye mshono, nami niliufumua.

Badala yake ligeuze ndani nje, ulilaze juu ya meza yenye mwanga, na usilifanye lolote kwa saa nzima ila kulitazama. Kama zipu ni ya chuma na imewekwa ubavuni wa kushoto badala ya mgongoni, dhana yako ya miaka hiyo ina nguvu. Tafuta utepe mwembamba ulioshonwa kiunoni kwa ndani, unaofungwa kabla ya zipu: huo ndio unaobeba uzito wa sketi ili kiwiliwili kisivutwe chini, na siku hizi karibu hakuna anayeuweka. Angalia kama begani kuna vitepe vidogo vyenye kishikizo vya kuzuia mkanda wa sidiria usionekane. Pima nafasi ya mshono. Mara nyingi wa zamani waliacha sentimita mbili au zaidi ubavuni, kwa kuwa gauni lilitarajiwa kupanuliwa, na huenda hilo la mama linaweza kufunguliwa kidogo tu ubavuni likakuingia wewe bila kufumua kingine.

Ikiwa halitoshi hata hivyo, tandika ubao laini au blanketi nene, juu yake karatasi, na juu ya karatasi lilaze gauni kipande kimoja kimoja kikiwa kimenyooka. Choma pini nyembamba wima kufuata mistari ya mishono, mpaka kwenye karatasi, kila baada ya sentimita mbili. Mkono wenye mkunjo juu utahitaji kulazwa mara mbili, mbele kisha nyuma. Ondoa gauni, unganisha matundu kwa penseli, linganisha kila mstari na kipimo cha futi kamba ulichochukua kwenye gauni lenyewe, ndipo uongeze ukubwa kama nilivyomweleza msomaji wa Nairobi. Shona kwanza la jaribio kwa merikani.

La mama lisitundikwe kwenye hanga ya waya, maana krepi itashuka mabegani; likunje kwa kulitilia shuka safi nyeupe ya pamba kati ya mikunjo, mbali na mfuko wa nailoni, ulifungue na kulikunja upya mahali pengine kila baada ya miezi michache. La jaribio likiwa tayari, niandikie jinsi mkono ulivyokaa begani, na kama utaweza kuueleza ule wa mama ulivyoingizwa, nieleze kwa urefu wote unaotaka.